Kambare, Chui na Misuko: Pembe za Ndovu za Benin Zinasomwaje?

*Swali la msomaji: "Ninafundisha sanaa sekondari huku Tanga. Niliwaonyesha wanafunzi picha za pembe za ndovu zilizochongwa Benin, Nigeria. Wakaona samaki, chui, mamba na nyoka, na katikati yao mistari iliyosukana mithili ya ukili. Mmoja akauliza kila mnyama ana maana gani, na kama ile misuko nayo ni maandishi. Mwingine akataka kujua kama siwa ya Pate, lile baragumu la enzi la pwani ya Kenya, ni ndugu wa pembe hizo. Naomba ufafanuzi ambao ninaweza kuupeleka darasani."*

Salaam, Mwalimu.

Nianze na lile la maandishi. Misuko si maandishi, na wanyama nao si herufi. Utakutana na orodha fupi fupi zinazosema chui ni nguvu, mamba ni ukali, nyoka ni hekima, basi. Ukizifuata utapotea mapema, kwa sababu mnyama huyohuyo hubadilika kulingana na aliyemshika na aliyekaa naye. Kule Benin swali la kwanza kuhusu mnyama ni la umiliki: huyu ni wa nani? Nani ana ruhusa ya kumvaa, kumchinja, au kuagiza achongwe? La pili ni la ujirani: amekamatwa na nani, amekaa juu ya nini, pembeni yake kuna nani? Maswali hayo mawili yatakufikisha mbali kuliko orodha yoyote.

Tuelewane pia kuhusu mahali. Benin ninayoizungumzia ni ufalme wa Waedo, ambao mji wake, Benin City, uko kusini mwa Nigeria katika Jimbo la Edo. Si ile nchi ya Benin inayopakana na Togo. Hiyo iliitwa Dahomey hadi 1975. Mfalme wa Waedo huitwa Oba. Kiti hicho bado kipo, na aliyekikalia sasa ni Ewuare II, aliyetawazwa 2016.

Pembe yenyewe haikuwa mali ya kila mtu. Ndovu alipouawa ndani ya ufalme, pembe moja ilikwenda kwa Oba bila mjadala, na ya pili Oba alikuwa na haki ya kuinunua kabla ya mtu mwingine yeyote. Wachongaji walikuwa na chama chao, Igbesanmwan, kilichofanya kazi kwa ajili ya ikulu, kama vile wafua shaba walivyokuwa na Igun Eronmwon, ambao mtaa wao wa Igun bado unafanya kazi hadi leo. Fundi hakuamka asubuhi akachonga kilichomjia. Alichonga kilichoagizwa, kwa mtu aliyestahili, kwa michoro aliyoirithi kwa wakubwa zake.

Halafu kuna weupe. Waedo wana chaki nyeupe iitwayo orhue, inayotumika katika ibada za Olokun, mungu wa bahari na maji makuu, mwenye kutoa watoto na mali. Weupe wa chaki hiyo ni usafi, amani na neema, na pembe huhesabiwa katika weupe huohuo. Kwa hiyo kabla patasi haijaigusa, pembe tayari imebeba mambo kadhaa: nguvu za ndovu, utajiri wa biashara, na baraka za Olokun. Mnyama akichongwa juu yake anaingia katika nyumba yenye wenyewe.

Sasa samaki. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote, na wanafunzi wako wana bahati kwamba wanaweza kumwelewa kuliko wanafunzi wa Ulaya. Katika maandishi ya wataalamu huitwa "samaki wa matope", na wamebishana sana kuhusu aina yake. Wako wanaosema ni kamongo, yule anayejizika matopeni maji yakikauka na kukaa humo miezi mingi akisubiri mvua. Wako wanaosema ni kambare, ambaye huvuta hewa ya juu na huweza kujiburuta nchi kavu usiku wa mvua kutoka dimbwi moja hadi jingine. Wengine wanamtaja kambare wa umeme, ambaye ukimshika mkono wako wote hufa ganzi. Mimi niko upande wa kambare, kwa sababu ya sharubu: kwenye pembe nyingi samaki ana kichwa kipana kilichobapa na sharubu zinazoonekana waziwazi, na kamongo hana hizo. Mara nyingi pia mwili wake umekunjwa hadi mkia ukakaribia kichwa, ukafanya duara.

Aina yoyote utakayoichagua, hoja haibadiliki. Huyu ni samaki anayeishi pande mbili, majini na nchi kavu, na akiwa matopeni unaweza kudhani amekufa kumbe yu hai. Oba naye ndivyo anavyoelezwa: ni binadamu anayekula na kulala kama wengine, lakini pia ni mwenzake Olokun, mfalme wa nchi kavu anayelingana na mfalme wa majini. Ndiyo maana kwenye pembe, na kwenye vibao vya shaba pia, utaona Oba amesimama kwa taadhima, ana shanga za marijani hadi kidevuni, lakini miguu yake si miguu. Ni samaki wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, wamejikunja kuelekea juu.

Kuna simulizi la kutisha nyuma ya picha hiyo. Wazee wa Edo wanasimulia juu ya Oba Ohen wa karne ya 14, ambaye miguu yake ilipooza. Mfalme mwenye kilema hakutakiwa, basi akawa anabebwa na kuwekwa kwenye kiti chake kabla ya machifu kuingia barazani, na kuondolewa wakishatoka. Chifu mmoja mkubwa akajificha ili aone, akaiona siri, akauawa kwa sababu hiyo; na mwisho machifu wengine wakamgeukia Oba mwenyewe wakamwua. Kwa wengine miguu ya samaki ni kumbukumbu ya Ohen: miguu haikupooza bali iligeuka kuwa ya Olokun. Kwa wengine ni utukufu mtupu usiohusiana na kilema. Mimi sioni haja ya kuchagua. Picha moja inaweza kubeba sifa na aibu ya ufalme kwa pamoja, na mchongaji wa ikulu alijua hadhira yake inazijua zote mbili.

Hapo ndipo Wareno wanapoingia. Walifika Benin katika miaka ya 1480 wakiwa na bangili za shaba, marijani na vitambaa, wakaondoka na pilipili, pembe na watumwa. Watu wenye ngozi nyeupe kama orhue, waliotoka baharini na mali: Waedo walikuwa na mahali pa kuwaweka. Wakawekwa upande wa Olokun. Kwa hiyo kichwa cha Mreno, chenye ndevu na nywele ndefu, kikawa mchoro unaotumika karibu sawa na kambare. Kinyago cha pembe kilichoko Metropolitan Museum, New York, kinaonyesha jambo hilo vizuri kuliko maelezo yangu. Ni sura ya Idia, mama yake Oba Esigie aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16. Kimo chake hakifiki sentimita 24. Juu ya kichwa ana taji, na taji hilo limepangwa kichwa cha Mreno, kambare, kichwa cha Mreno, kambare, hadi mwisho. Mgeni na samaki wanapeana zamu kwa sababu kazi yao ni moja: kuonyesha kwamba mwana wa mama huyu anatawala hadi ukingo wa bahari, na faida ya ng'ambo inapitia kwake.

Kinyago pacha cha hicho kiko British Museum, London, na pengine sura yake mmeshaiona bila kujua jina, kwani ndiyo iliyokuwa nembo ya FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, mjini Lagos mwaka 1977. Nigeria iliomba iazimwe kinyago chenyewe kwa ajili ya tamasha, haikupewa.

Chui ni habari nyingine. Kama kambare ni mwenzake Oba, chui ni mpinzani aliyeshindwa. Waedo humwita mfalme wa msitu, na Oba ni mfalme wa nyumbani, yaani wa nchi iliyolimwa na kukaliwa na watu. Wafalme wawili hawawezi kulingana. Simulizi la Oba Ewuare, aliyetawala katika karne ya 15, linasema kwamba alipokuwa mtoro msituni alilala chini ya mti, akahisi matone yakimdondokea kichwani. Kulipokucha akagundua ni damu: chui alikuwa juu ya mti na mawindo yake, na chini ya kichwa chake alikuwa amelalia nyoka. Akawaua wote wawili, na baada ya kuupata ufalme akaendelea kumtoa chui sadaka.

Kuchinja chui ilikuwa haki ya Oba peke yake. Palikuwa na chama cha wawindaji wa chui waliomkamata akiwa hai, na wengine walifugwa ikulu wakatembezwa katika maandamano. Mchoro uliochapishwa Amsterdam mwaka 1668 katika kitabu cha Mholanzi Olfert Dapper unaonyesha chui wakiwa katika msafara wa Oba. Haki hiyo ya kumwua chui ilikwenda sambamba na haki ya kutoa roho ya mtu: ni Oba tu aliyeweza kuamuru mtu afe. Kamanda aliyetumwa vitani alipewa pambo lenye uso wa chui avae kiunoni, na maana yake ilieleweka: mwenye chui amekukopesha makucha yake kwa muda.

Kwa hiyo ukiona kwenye pembe Oba ameshika chui wawili kwa mikia, kichwa chini, usiwaambie wanafunzi kwamba "chui ni nguvu". Nguvu hapo ni mkono uliomshika. Na ukiona Oba huyohuyo ana miguu ya kambare na chui mikononi, umemaliza ramani nzima: majini ni jamaa, msituni ni mtawala, na yeye amesimama katikati.

Chui mashuhuri zaidi wa pembe ni wawili waliochongwa karne ya 19. Kila mmoja ameunganishwa kwa pembe tano, na madoa ni visahani vya shaba nyekundu vilivyopachikwa kimoja kimoja. Mwaka 1897 Waingereza walipouvamia mji wa Benin, wakaichoma ikulu na kumpeleka Oba Ovonramwen uhamishoni Calabar, kamanda wao Rawson alimpelekea Malkia Victoria chui hao kama zawadi. Hadi leo ni mali ya ufalme wa Uingereza, wamewekwa British Museum kwa mkopo. Unaona utaratibu wa Waedo ulivyotimia kwa njia ya uchungu: chui hukaa na anayetawala.

Wanyama waliobaki nitawapitia kwa kasi. Mamba ni wa Olokun pia, mlinzi wa maji, anayewashughulikia waliomkosea mwenye maji. Chatu naye ni wa upande huo. Chatu wakubwa wa shaba walining'inia kwenye mapaa ya ikulu, vichwa chini. Usiwachanganye na nyoka wadogo wanaotoka puani mwa uso wa mtu: hao ni wa dawa na uganga, wanaonyesha mtu ambaye nguvu zake za siri zimezidi hadi zinamtoka. Ndovu huonekana mara nyingi kichwa tu, na mkonga wake unaishia kwenye kiganja cha mtu kilichoshika majani. Hiyo ni picha ya kufikirisha, kwa sababu katika masimulizi ya Edo yuko chifu mwasi, Iyase wa Ode, aliyeweza kujigeuza ndovu na kumsumbua Oba. Basi ndovu ni nguvu, ndiyo, lakini ni nguvu isiyoaminika, na hapa amechongwa juu ya jino lake mwenyewe kwa amri ya mfalme. Ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda ni yule aliyetabiri kwamba Oba Esigie angeshindwa vita dhidi ya majirani zake Waigala. Esigie akamwua ndege, akaenda, akashinda. Tangu hapo machifu hugonga sanamu yake ya shaba mdomoni sikukuuni, kukumbusha kwamba kauli ya Oba hupita utabiri.

Tuje kwenye misuko, ambayo naona ndiyo iliyowashika wanafunzi wako, na kwa haki. Wataalamu wa zamani waliiita mapambo ya kujaza nafasi. Sikubaliani nao. Angalia inapokaa: kwenye ukanda wa chini wa pembe nyingi za madhabahu, kwenye vitu vya Oba mwenyewe, kwenye mpaka kati ya safu moja ya watu na nyingine. Ni tepe mbili au tatu zinazopita juu na chini ya nyingine, mara nyingi zikiwa na vitone katikati ya kila jicho, na zinazunguka pembe nzima hadi zikakutana zilikoanzia. Katika sanaa ya ikulu mchoro huu unakwenda pamoja na ufalme na pamoja na maji ya Olokun. Kwenye vibao vya shaba kazi hiyohiyo ya kuleta maji inafanywa na mchoro mwingine, ua lenye majani manne linaloitwa ebe-ame, yaani majani ya mtoni, ambayo makuhani wa kike wa Olokun huyatumia katika tiba zao. Ukiangalia kibao cha shaba chenye Oba na walinzi wake, nyuma yao kote kumejaa majani hayo. Fundi amewasimamisha watu wake ndani ya maji, hata kama hakuchonga wimbi hata moja.

Na namba nne yenyewe si ya bahati. Wiki ya Waedo ni ya siku nne, na dunia yao ina pembe nne kama ilivyo kwa majirani zao wengi. Msalaba wenye mikono sawa unapotokea kwenye pembe, usikimbilie Ukristo. Wakati mwingine ni msalaba wa Mreno kweli, umening'inia shingoni mwa mgeni au mjumbe, nao utautambua kwa sababu umevaliwa na mtu. Ukiwa peke yake katika mpaka wa michoro, una asili ya hapohapo.

Swali ambalo huja mara kwa mara ni kama misuko ililetwa na Waarabu au Wareno. Watu wamezoea kudhani kila msuko una asili ya Kiislamu. Lakini misuko ya aina hii imejaa kwa Wakuba wa Kasai huko Kongo, kwenye vikombe vya mbao na nguo za nyuzi za miti, mbali na bandari yoyote. Jamii zinazosuka nywele, mikeka na vikapu hazihitaji kufundishwa na mgeni kwamba uzi hupita juu kisha chini. Mafundi wa Benin pia walichonga msuko wa kikapu kama ulivyo. Kwenye kengele ya pembe ya Oba iliyoko Metropolitan Museum mpini umechongwa hivyo. Kengele hizo, ambazo zimebaki chache sana duniani, Oba alizigonga kwa upole katika sherehe ya Emobo ili kuwatuliza na kuwaondoa pepo wabaya. Pambo la msuko mkononi mwake na sauti yenyewe vilikuwa kazi moja.

Hapa niongeze jambo la ufundi ambalo wanahistoria husahau na mwalimu wa sanaa atalipenda. Pembe ya ndovu ni kitu kigumu kukipanga. Upande wa mzizi ni tupu ndani kwa sehemu kubwa, ukuta wake mwembamba. Kuelekea nchani inakuwa nzima, nyembamba, na imepinda. Ukiweka safu za watu kuanzia chini kwenda juu, kila safu ina nafasi ndogo kuliko iliyotangulia. Msuko unamsaidia fundi: unafunga ukingo wa chini, unanyoosha macho, unaficha pale ambapo safu hazilingani. Kwa hiyo mchoro mmoja una kazi mbili, ya maana na ya mkono, na sioni sababu ya kuzitenganisha.

Pembe kubwa zilizochongwa zilisimamishwa kwenye madhabahu ya Oba waliofariki, zikiwa zimechomekwa juu ya vichwa vya shaba. Pembe ilisimama ikipinda, na mgongo wake, ule upande wa nje wa mpindo, ulielekea kwa anayeingia. Ndiyo maana picha nzito, kama Oba mwenye miguu ya kambare au Oba akishikiliwa mikono na wasaidizi wawili, hukaa katikati ya mgongo huo, na watu wa daraja la chini, wapanda farasi wageni, na wanyama wadogo husogea pembeni. Ukipata picha ya pembe iliyopigwa ubavuni, kama zilivyo nyingi mtandaoni, umeshapoteza kichwa cha habari. Tafuta picha zaidi ya moja, uwape wanafunzi waipange pembe kwa kuizungusha. Jambo jingine la kutazama ni msongamano: pembe za zamani zaidi zina watu waliokaa kwa nafasi, kila mmoja na hewa yake, za karne ya 19 zimejaa hadi mtu ana bega kwenye kiuno cha mwenzake.

Sasa onyo. Maana zote hizi ni za Benin. Usizihamishe kwenda kwenye kila pembe ya Afrika Magharibi. Owo, mji wa Wayoruba ulioko kati ya Ife na Benin, ulikuwa na wachongaji ambao kwa mkono naona hawana wa kuwafikia. Walichonga bangili ya silinda mbili, moja ndani ya nyingine, kutoka kipande kimoja cha pembe bila kuunga: ukiitikisa inacheza, lakini haitengani. Juu yake kuna mamba, kambare na nyani, na nafasi kati yao zimetobolewa hadi unaona silinda ya ndani. Owo ilikuwa na michoro mingi ya pamoja na ikulu ya Benin, lakini ina wanyama wake pia, hasa kondoo dume, ambaye pembe zake hupandikizwa kwenye uso wa binadamu katika madhabahu za wazee wa ukoo. Ukimweleza kondoo huyo kwa kamusi ya Oba wa Benin, utamkosea.

Mbali zaidi, katika pwani ya Sierra Leone ya leo, watu ambao Wareno waliwaita Wasapi walichongea wageni vijiko, mabaragumu na vyombo vya chumvi mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16. Duarte Pacheco Pereira, nahodha wa Ureno, aliwasifu kwa vijiko vya pembe kabla ya 1510. Kwenye vyombo vyao vya chumvi nyoka wanateremka kichwa chini kutoka kwenye bakuli, na chini yao mbwa wamewakabili, masikio nyuma, meno nje. Kati yao kuna mistari ya vitone, mikato ya msumeno na mizunguko iliyopigwa kwa usafi wa ajabu. Hapa hakuna Oba wala Olokun. Kuna nyoka na mbwa wa Wasapi, na mteja wa Lisbon aliyetaka kuweka chumvi mezani. Kwa karne nyingi Ulaya haikujua vyombo hivyo vilitoka wapi. Mchoraji Albrecht Dürer alinunua vyombo viwili vya chumvi vya pembe katika safari yake ya Uholanzi na Ubelgiji ya 1520 na 1521, akaandika kwamba ni vya Calicut, India, na wataalamu wengi leo wanadhani vilitoka Afrika Magharibi. Kilichokuja kuwatambulisha Wasapi ni sanamu zao ndogo za mawe laini, nomoli, zinazofukuliwa mashambani Sierra Leone: macho, pua na midomo ni ileile.

Mabaragumu yao ndiyo yananileta kwenye swali la siwa. Mengi waliyowachongea Wareno hupulizwa nchani, kwa desturi ya Ulaya ya uwindaji, na yana nembo za wafalme wa Ureno na Hispania pamoja na wanyama wa mawindo. Baragumu la Kiafrika, huko kwao na huku kwetu, hupulizwa ubavuni. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe na sasa imehifadhiwa makumbusho ya Lamu, ina tundu ubavuni, sawa na siwa ya shaba ya Lamu. Kwa hiyo undugu upo, lakini ni wa jinsi ya kupuliza na wa heshima ya chombo: sehemu nyingi za bara hili baragumu la pembe ni la mwenye enzi, na halipulizwi ovyo. Kwa nakshi, siwa ya Pate ni binti wa pwani. Hutakuta humo Oba wala kambare, wala chui wa kushikwa mkia. Utakuta ufundi unaofanana na ule wa milango ya Lamu. Sioni njia yoyote iliyounganisha wachongaji wa Pate na wa Benin, na kufanana kwa misuko pekee hakutoshi kuijenga.

Tofauti nyingine iko kwenye pembe yenyewe. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walizigawa pembe katika aina mbili: ngumu, ya ndovu wa misitu ya magharibi, na laini, ya ndovu wa mashariki iliyopitia Zanzibar. Laini ndiyo iliyopendwa kwa vibao vya piano, ikasafirishwa kwa wingi hadi Connecticut, Marekani, ambako mji mmoja uliitwa Ivoryton kwa biashara hiyo. Ngumu huvumilia mikato midogo sana bila kumeguka, na ukitazama vitone vya Wasapi utaona faida yake.

Kwa darasa lako: biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mafundi wa Benin City siku hizi wanachonga mbao na kufua shaba. Nawe tumia muhogo. Chagua mrefu, mnene upande mmoja, uliopinda kidogo, umenye. Kila mwanafunzi aanze na ukanda wa msuko upande mnene, auzungushe hadi ncha zikutane, na hapo wengi watagundua kwamba hesabu yao ya macho ya msuko haikugawanyika vizuri. Waache wahangaike, ni somo la hesabu zuri kuliko lile la ubaoni. Kisha wapange safu tatu kwenda juu, mtu mkuu akae kwenye mgongo wa mpindo, na wanyama wachaguliwe kwa mtu huyo: kama ni nahodha wa jahazi, mganga au diwani, kila mmoja ana wanyama wake wa Tanga. Wakate kwa visu vifupi, wakielekeza makali mbali na kidole gumba. Nunua mihogo asubuhi ya somo, maana ikikaa siku mbili huanza kuweka mistari myeusi ndani na nakshi hazionekani tena.